Ratiba ya wageni Lamu ifuate maji: barua ya wazi kwa wakuu wa kaunti na wenye dhamana ya bahari, gati na magofu

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum.

Tunaowaandikia ni manahodha wa vyombo vya tanga, wenye punda, na waongozaji wa wageni watembeao kwa miguu baina ya Amu, Shela, Matondoni, Manda na kisiwa cha Pate. Tunawaandikia nyinyi mnaopanga bajeti, mnaoshika funguo za magofu, mnaokagua vyombo na mnaosimamia gati. Kila mmoja wenu ana kipande cha jambo hili, na ndiyo maana barua imekuwa ya wazi. Likipelekwa kwenye meza moja, litakaa likingoja meza ya pili.

Kila utalii wa Lamu unapojadiliwa, mazungumzo huishia kwenye barabara, uwanja wa ndege na boti za kasi. Hatuna ugomvi na hayo. Lakini yuko mgeni mwingine, wa Nairobi, wa Mombasa au wa ng'ambo, anayekuja kukaa wiki nzima. Hulala Amu siku mbili, akavuka Manda, akapita Mkanda, mfereji wa baina ya Manda na bara, kwa tanga, akashuka Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate, na kutembea hadi Pate, Siyu na Faza. Fedha yake hugawanyika vidogo vidogo kwa nahodha na baharia wake, kwa mama anayepika Siyu, kwa fundi wa viatu vya ngozi, kwa mwenye punda na kwa kijana wa kubeba mizigo. Mgeni huyu hahitaji jengo kubwa. Anahitaji mambo madogo yafanywe sawasawa, na karibu yote yanategemea maji kujaa na kupwa. Huduma tulizonazo zimepangwa kwa saa ya ofisi, na hapo ndipo safari zinapoharibika.

Bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita 3 siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji huchukua saa 6 na ushei kujaa, na saa 6 na ushei kupwa, na kila siku wakati wa kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na tena alasiri, na huwa yamekauka kabisa saa nne au saa tano asubuhi. Wiki moja baadaye, mwezi 8 au mwezi 23, yaani siku ya 8 au ya 23 tangu mwezi kuandama, hujaa asubuhi mgeni anapomaliza kunywa chai, ila ni maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana. Baharia wa Amu akijua leo ni mwezi ngapi kwa hesabu ya Hijria, anajua atoke saa ngapi. Mgeni hana hesabu hiyo, na hakuna mahali gatini anapoweza kuisoma.

Chukueni Takwa. Mji ule ulioachwa karne ya 17 uko upande wa bahari kuu wa kisiwa cha Manda, na chombo huufikia kwa mkono wa maji unaokata mikoko kutoka upande wa ndani. Mkono huo hukauka. Siku za bamvua, mgeni anayetoka Amu saa tatu asubuhi atakuta tope tupu. Akingoja maji ya alasiri ataingia saa tisa, na atabakiwa na muda mfupi kabla ya lango kufungwa na jua kuchwa. Siku nzuri za mchana ni mwezi 11 hadi 13 na mwezi 26 hadi 28, maji yanapojaa baina ya saa saba na saa tisa. Chombo huingia saa moja u nusu kabla ya maji kujaa. Wageni hupata saa mbili za kuuona msikiti wenye nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, boma la mji, na kaburi la nguzo ambalo watu wa Shela bado huliendea kuomba mvua. Kisha hutoka maji yakiwa bado yanawabeba.

Nzuri kuliko hizo ni siku za mwezi 4 hadi 6 na mwezi 19 hadi 21. Maji hujaa baina ya saa kumi na mbili u nusu na saa mbili u nusu asubuhi, jua likiwa pole na ndege wakiwa wengi mikokoni. Siku hizo ndizo tunazozipoteza, kwa kuwa kwa saa za ofisi lango hufunguliwa maji yakiwa yameshaanza kutoka. Nahodha mwenye busara hukataa safari. Asiye na busara huingia, wageni hukawia kwenye magofu, na chombo hukaa juu ya tope. Hesabu yake ni hii: aliyekwama saa 2 baada ya maji kujaa hapati kina kile kile mpaka saa 2 kabla ya maji yajayo. Ni saa 8 na ushei ndani ya mikoko, pamoja na mbu, bila maji ya kunywa. Simu ya kuomba msaada haisaidii, kwa sababu boti ya kuokoa nayo haipati kina cha kuingia.

Tunaomba lango la Takwa lifuate maji. Mlinzi apewe orodha ya mwezi mzima. Siku za maji ya alfajiri afungue saa kumi na mbili, siku za maji ya alasiri afunge jua likichwa, na katikati ya siku ambapo hakuna chombo kinachoweza kuingia apumzike. Saa za kazi yake hazitaongezeka, zitahama tu. Tikiti ziuzwe Amu tangu siku iliyotangulia, ili dakika za maji zisiliwe langoni kwa kutafuta chenji.

Ombi la pili ni ubao wa maji kwenye gati la Amu, Shela, Mokowe, Mtangawanda na Faza. Ubao wa upana wa mita 1 unatosha, uliopakwa rangi nyeusi na kuandikwa kwa chaki chini ya kijipaa, kwa maana karatasi hulowa na skrini hufa kwa chumvi. Kila jioni uandikwe mambo ya kesho: tarehe, mwezi wa Hijria, saa mbili za kujaa na saa mbili za kupwa pamoja na urefu wa maji kwa mita, saa ya jua kuchwa, na upepo. Jedwali la maji la Kilindini huchapishwa kila mwaka na ni mwanzo mzuri, lakini lisinakiliwe vivi hivi. Ndani ya mikono ya mikoko maji huchelewa kuliko gatini, na upepo mkali wa kusi, utokao kusini, huweza kuyasukuma yakabadilika kidogo. Mwandishi wa ubao awe mtu wa baharini anayeangalia maji yenyewe kisha akasahihisha. Ubao huo huo ubebe taarifa ya usalama: ni sehemu gani za kaskazini, upande wa Kiwayu na Kiunga, ziko wazi wiki hiyo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mgeni anayepata taarifa ya wazi hupanga safari yake upya. Anayepata uvumi huondoka Lamu.

Sasa Mkanda. Huu mfereji baina ya Manda na bara ndio njia ya salama ya kwenda Pate mwaka mzima, kwa sababu humwepusha msafiri na mawimbi ya nje ya Manda ambayo miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, hayamfai mgeni wala chombo kidogo. Mkanda ni mwembamba, mikoko imeufunga huku na huku, na una sehemu ambazo maji yakipwa hubaki ya magotini. Mashua yenye abiria 8 na farumi yake, yaani mchanga wa kuituliza, inataka takriban mita 1 ya maji. Nahodha hushusha tanga, akashika upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, na kuendelea kwa kupima. Asiyejua mahali hasa palipo na fungu la mchanga hulijua likiwa limeshamshika.

Dawa yake ni miti ya kipimo katika sehemu za maji haba. Kila mmoja uwe bomba la chuma lililojazwa zege, kwa kuwa boriti tupu hutobolewa na wadudu wa baharini, na lipakwe mistari kila sentimita 25, sifuri ikiwa ni sakafu ya mfereji penye maji haba kuliko pote. Nahodha akiona maji yamegusa mstari wa nne anapita, yakiwa chini ya hapo anatia nanga na kungoja. Kazi ya kusimika ifanywe bamvua, saa nne asubuhi, mfereji ukiwa na maji haba kabisa na mchimbaji anaona anachochimba. Bomba likipigwa siku za maji mafu huishia kwenye tope laini na kulala upande. Mchanga huhama kila msimu, kwa hiyo sifuri hiyo ipimwe upya mara mbili kwa mwaka, kusi inapokwisha na kaskazi inapokwisha.

Mkanda huo huo unataka kikomo cha mwendo. Boti ya injini ikipita kwa kasi katika maji membamba huacha wimbi linaloingia ndani ya mashua iliyosheheni na kuchimba udongo kwenye mizizi ya mikoko. Kaunti ya Lamu inabeba zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Ukingo ukimomonyoka, mkoko huanguka mferejini, na kesho yake ndio unaovunja rafadha ya boti ile ile iliyopita kwa kasi. Tunaomba injini zipunguzwe kutoka kichwa cha mfereji hadi kichwa, na chombo cha injini kitoe njia kwa chombo cha tanga au cha upondo, ambacho hakiwezi kusimama ghafla.

Ng'ambo ya Mkanda ipo bandari mpya ya Lamu. Gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 20, 2021, na meli kubwa sasa zinatumia Ghuba ya Manda, ambayo ni njia ya zamani ya vyombo vya kwenda Pate. Nahodha wa tanga haoni ratiba ya meli. Tunaomba saa za meli kuingia na kutoka ziandikwe kwenye ule ule ubao wa maji, na pawekwe mahali pamoja palipojulikana pa vyombo vidogo kukata njia ya meli. Jambo hili halihitaji fedha, linahitaji mtu wa kupiga simu.

Kuhusu ukaguzi wa vyombo tunasema kwa uzito, kwa maana hapa ni roho za watu. Fomu inayotazama injini, mafuta na kizima moto ni sawa kwa boti. Chombo cha tanga kina mambo yake, na asiyeyajua atapitisha chombo kibovu na kukataa kizima. Mkaguzi atazame mguu wa mlingoti kama umeoza pale unapokaa, kwani huoza kwa ndani huku nje pakionekana pazima. Apande kwa macho kwenye foromali, mti wa juu unaobeba tanga, mahali miti miwili inapofungwa pamoja, aone kama kamba imelegea. Ashike henza, kamba ya kupandishia foromali, kwa mkono wake, maana kamba iliyokauka kwa jua hukatika wakati wa upepo, na hapo foromali yote huwashukia abiria. Atazame pini za usukani. Aulize kalafati, pamba ya kuziba mianya ya mbao, ilitiwa lini.

Na jambo ambalo halimo katika ukaguzi wowote tuliouona ni tanga la pili. Tanga letu halina namna ya kukunjwa nusu upepo unapozidi. Nahodha hushusha foromali na kufunga tanga dogo. Kusi hupata nguvu baada ya adhuhuri, kwa hiyo chombo kilichotoka asubuhi na tanga kubwa peke yake kitarudi alasiri kimezidiwa, na ndipo vyombo hupinduka, hasa wakati wa kugeuza tanga. Iwe sharti kwamba kila chombo kinachobeba wageni kwa tanga kina tanga kubwa na tanga dogo, na msimu wa kusi lile dogo liwe ndani ya chombo, lisiachwe nyumbani.

Farumi nayo. Magunia makubwa ya mchanga hupasuka, mchanga ukaingia chini ya sakafu, na upo wa kufutia maji hauchoti tena. Mifuko ya kilo 25 yenye matabaka mawili ndiyo inayofaa. Mtu mmoja huihamisha kwenda upande wa upepo bila kuumia mgongo, na mmoja ukipasuka mingine inabaki. Majaketi ya kujiokoa yawe ya saizi za watoto pia, na yavaliwe. Yanapofungwa ndani ya gunia chini ya ubao hayamsaidii mtu, kwani chombo kikipinduka gunia linakuwa juu ya kichwa cha abiria.

Magati ni jambo fupi. Yakijengwa kwa kimo kimoja, bamvua yakipwa mgeni mzee husimama kwenye mashua akitazama ukuta mrefu kumpita. Tunaomba ngazi za zege zenye vituo vitatu, vya maji ya juu, ya kati na ya chini, na mnyororo wa kushikilia. Vidato visuguliwe kila wiki kwa brashi ya waya ili kuondoa mwani na chaza: mwani huteleza na chaza hukata. Ukingo ufungwe matairi, kwani zege hula mbao.

Njia ya Amu hadi Shela ni kilomita 3 za pwani, mwendo wa dakika 40 hivi. Bamvua, mgeni huenda asubuhi juu ya mchanga mkavu. Arudipo saa kumi na moja jioni bahari imeshaifunika njia ya chini, naye hupanda ukutani kwa nyumba za watu au huingia majini na begi. Ipo njia ya juu, ila haina alama. Mawe machache yaliyopakwa chokaa yanatosha, pamoja na ubao mmoja kila upande unaosema saa ambazo njia ya chini haipitiki.

Kisiwa cha Pate kinastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndipo safari ya polepole inapopata thamani yake, na ndipo ilipoachwa zaidi. Kutoka Mtangawanda hadi mji wa Pate ni karibu saa nzima kwa mguu. Pate hadi Siyu ni kilomita 8, na Siyu hadi Faza kilomita 10. Kwa siku tatu mtu anaona magofu ya Pate ya enzi za watawala wa Nabahani yenye tumbaku iliyopandwa baina ya kuta, ngome ya Siyu ya karne ya 19 na mafundi wa ngozi, kisha kwa mwendo wa saa moja kutoka Siyu anafika Shanga. Huko mwanaakiolojia Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 na kukuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8, wa kwanza ukiwa wa miti. Hatujui mahali pengine katika pwani hii ambapo mtembezi anapata hayo yote bila kupanda gari.

Lakini njia inampoteza. Kila mwaka mkulima akifungua shamba jipya njia huzunguka ua, magurudumu ya pikipiki huchora njia nyingine tatu mchangani, na baada ya masika nyasi hufunika iliyo ya kweli. Mgeni asiye na mwongozaji hupotea mahali pa njia panda, na hata mwongozaji kijana hubahatisha. Mabango ya bati hayafai, chumvi huyala. Tunapendekeza mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa, kila mita 250, upande wa kulia wa aendaye Faza. Pate hadi Siyu ni mawe 32, na Siyu hadi Faza ni mawe 40. Ongezeni moja kila njia panda. Kila jiwe liwe na namba yake ya rangi nyeusi, ili mtu akiteguka mguu au akizidiwa na jua aseme kwa simu, "Niko jiwe la 19," na kijiji kijue punda apelekwe wapi. Mawe yapakwe upya kila mwaka baada ya masika, Julai, na kazi hiyo wapewe vijana wa Pate, Siyu na Faza wenyewe, kila kijiji sehemu yake.

Mtembezi aondoke saa kumi na mbili asubuhi na awe kivulini kabla ya saa nne u nusu. Mchanga mzito humaliza nguvu mara mbili ya njia ngumu, na vipande vya matumbawe hukata kandambili. Maji ya kunywa ni lita 4 kwa mtu kwa siku ya mwendo, na hapo tunafikia taabu kubwa ya Pate. Visima vingi vina maji ya chumvi. Watu huishi kwa jabia, sakafu pana ya saruji inayokusanya mvua na kuiteremsha kwenye tangi lililofukiwa. Sakafu hupasuka kwa jua kali na kwa mizizi, mbuzi hupita juu yake, na mvua ya kwanza husomba samadi ndani. Ziba nyufa Februari kabla ya masika, zungushia ua, na weka mlango mdogo wa kumwaga nje maji ya mvua ya kwanza. Mgeni anayeoga ndoo ya lita 20 anaoga maji ya nyumba nzima. Bila jabia zilizo nzima, kuwaletea Siyu wageni wengi ni kuwanyang'anya wenyeji, na hatutaki kushiriki katika hilo.

Jabia zikiwa nzima, nyumba za wenyeji zinaweza kupokea wageni wachache wachache. Tunaomba leseni ndogo ya nyumba yenye chumba kimoja hadi vitatu, yenye masharti yanayotimizika: chandarua kisichotoboka, choo safi chenye ndoo na kata, mlango unaofungwa kwa ndani, chakula cha nyumbani na bei iliyoandikwa ukutani. Mwanamke mwenye nyumba aweze kuilipia hapo hapo Faza, asivuke hadi Amu kwa kipande cha karatasi. Wageni nao waelezwe mapema, gatini Amu, kwamba Ijumaa adhuhuri hakuna chombo kinachotoka, kwamba mchana wa Ramadhani chakula hakiliwi njiani, na kwamba bega na goti hufunikwa vijijini. Anayejua kabla huheshimu bila kuambiwa mara ya pili.

Shanga ipaliliwe mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, njia ya upana wa mita 1 na nusu kuzunguka misikiti na makaburi. Majani yakifunika kuta, watu hutembea juu yake bila kujua. Mti ulioota ndani ya ukuta using'olewe, kwa sababu mzizi hutoka na mawe. Ukatwe karibu na ukuta na kisiki kiachwe kife. Na popote panapotengenezwa, Shanga, Pate au katika nyumba za Amu, mji uliowekwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, chokaa irudi mahali pa saruji. Ukuta wa matumbawe hupumua unyevu. Saruji huufungia ndani, chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya misimu kadhaa lipu huanguka na uso wa jiwe. Mafundi wa chokaa bado wapo. Watumieni wakiwa hai.

Punda ni usafiri wa mji wetu, na mgeni huja kwa sababu ya mitaa ambayo punda na mtu hupishana mabega. Pikipiki zikiachwa kuingia vichochoroni, watoto hawatakuwa na pa kuchezea wala wazee pa kukaa barazani. Mpaka wa pikipiki uwekwe kwa nguzo za mawe zenye nafasi ya sentimita 70, ambayo punda mwenye shogi (mifuko ya mizigo ya mgongoni) nyembamba na mkokoteni wa mkono hupita, na magurudumu mawili yenye abiria hupungua mwendo na kujulikana. Nguzo zinazidi amri, kwa sababu zipo hata usiku. Kwa punda wenyewe, mzigo usizidi kilo 50. Mawe na mchanga wa ujenzi ndio unaowaumiza, na jeraha la kamba chini ya mkia huonyesha mzigo uliokuwa ukiteleza nyuma. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017, lakini takataka za plastiki bado zimo majaani, punda huzila na tumbo hufunga. Jaa lizungushiwe ua.

Kwa kufuatana kwa kazi, ubao wa maji na saa za lango la Takwa vinaweza kuanza mwezi huu, vinataka chaki na uamuzi. Mawe ya njia ya Pate yawekwe kabla ya Desemba. Miti ya kipimo ya Mkanda ingoje bamvua ya maleleji, upepo unapotulia baina ya kusi na kaskazi. Fomu ya ukaguzi wa tanga tumeshaiandika, ukurasa mmoja, na tutaileta kwa mkono. Wa kuwaonyesha mafungu ya Mkanda wako tayari, na chombo kipo. Tuambieni siku, nasi tutawaambia saa ya maji.

Wenu,

Manahodha wa tanga, wenye punda na waongozaji wa wageni wa Amu, Shela, Matondoni, Manda na Pate